Verlon Stubblefield, Aliyekataa Kununua Kaburi

Verlon Ray Stubblefield alizaliwa tarehe 3 Machi 1947 nje kidogo ya mji wa Harrison, Arkansas, mtoto wa tatu wa Orville na Thelma Stubblefield, ambao wote wawili wametangulia.

Alimaliza sekondari mwaka 1965, akaingia chuo cha Biblia. Aliacha masomo mwaka uliofuata, akisema Bwana angerudi kabla hajahitimu. Aliishi miaka mingine hamsini na mitatu.

Alifuga kuku wa nyama na kufundisha shule ya Jumapili katika kanisa letu la Kibaptisti. Alichora nyakati za mwisho kwenye shuka la kitanda, kuanzia Adamu hadi ziwa la moto, na kila vita vilipotangazwa redioni aliongeza mshale. Aliyeuliza swali aliambiwa imani yake ni vuguvugu. Shemeji yake Hoyt Lackey, Mmethodisti, aliambiwa hivyo kila Krismasi, nyama ikiwa bado mdomoni.

Tarehe 12 Juni 1971 alimwoa Oleta, dada yake Hoyt. Kwa hesabu za marehemu, Unyakuo, siku waumini watakapochukuliwa mbinguni, ungekuwa vuli ya 1988, kwa hiyo paa lililovuja halikuguswa.

"Paa la nini, mama? Tunamwachia nani?"

"Mpaka Bwana aje, Verlon, mvua inaninyeshea mimi."

Vuli ilipita. Marehemu alirekebisha hesabu. Paa lilirekebishwa na Hoyt.

Oleta alirithi nafasi ya kaburi kando ya wazazi wake. Nafasi ya jirani ilikuwa ya mwisho makaburini hapa, naye alimsihi mumewe ainunue ili walale pamoja. "Kaburi ni la wanaokufa," alijibu. Mwaka 2003 Hoyt aliinunua yeye.

Mwaka 2017 daktari alishauri upasuaji wa moyo. Marehemu alisema hapakuwa na haja, mwaka usingeisha Bwana hajarudi. Wiki yake ya mwisho alimuuliza mkewe, "Utalala wapi, Oleta?"

"Palepale nilipokuambia. Wewe ndiye huna pa kulala."

Alifariki nyumbani tarehe 9 Novemba 2019, chini ya paa la Hoyt.

Jana Hoyt alikuja jikoni kwa dada yake na karatasi ya nafasi ile. "Mlaze hapo, usilie. Ila akinyakuliwa, nirudishiwe."

Ameacha mjane, Oleta, watoto, Darla na Wendell, wajukuu wanne, na shemeji, Hoyt, ambaye kwa sasa hana kaburi.

Analazwa ubavuni pa nafasi ya mkewe, uso ukielekea mashariki kama alivyofundisha. Apumzike kwa amani, na safari hii angoje bila kupiga hesabu.