Bi Kidawa Mcha na Gari la Mia na Sitini na Tatu

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Bi Kidawa Mcha Duni, Afisa wetu wa Uzingatiaji wa Sheria na Kanuni, anastaafu rasmi baada ya kuitumikia Kampuni ya Nyota Njema Magari kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Wale waliokuwa wakikimbilia stoo kila wakisikia viatu vyake vinapanda ngazi sasa wanaweza kutoka. Wengi wao, nimewaona kwa macho yangu, wanatoka huku wakifuta machozi.

Bi Kidawa, mzaliwa wa Bububu, aliingia kazini akiwa mpiga chapa, wakati kampuni nzima ilikuwa chumba kimoja Malindi, hapa mjini, na magari mawili mlangoni. Cheo anachostaafu nacho hakikuwapo, alikiunda yeye. Tulipopata uwakala wa kuuza magari ya chapa ya kigeni, kiwanda kilituletea mkataba wa kurasa mia mbili na kumi na mbili. Sisi wengine tuliangalia picha. Bi Kidawa aliusoma wote ndani ya mwezi wa Ramadhani, kamusi ubavuni, akaibuka na maswali kumi na saba ambayo mwanasheria wa kiwanda alilazimika kuyajibu kwa maandishi. Tangu hapo tunamwita Bi Kifungu. Analijua jina hilo vizuri, na anajifanya halijui.

Mkataba ule ulitaka kila wakala asimamishe bango la taa lenye urefu wa mita sita. Duka letu, kama mnavyojua, limo katika nyumba kongwe ya Mji Mkongwe, ambako hata msumari mmoja kwenye mlango wa nakshi unaombewa kibali. Mkurugenzi wetu, Bwana Wakil, alikwisha kuagiza taa. Bi Kidawa akachomoa kifungu, kuwa sheria ya nchi hutangulia matakwa ya chapa, akakituma pamoja na picha ya mlango wetu. Baada ya wiki mbili kiwanda kikakubali. Leo tuna kibao cha mbao kilichoandikwa kwa mkono, na watalii wanakipiga picha zaidi kuliko magari yenyewe.

Kisa cha njugu nacho hakiwezi kuachwa. Mchana mmoja alinunua njugu Darajani, akaikunjua karatasi waliyofungiwa na kukuta ni nakala ya kitambulisho cha mteja wetu. Takataka za ofisini zilikuwa zimepata kazi nyingine. Bi Kidawa alinunua kapu zima la njugu, akaja nalo ofisini, akafungua pakiti moja moja mezani huku wakuu wote wa idara wamesimama. Alitoa kurasa kumi na moja za taarifa za wateja. Kesho yake tulikuwa na mashine ya kuchana karatasi na kanuni ya kurasa nne, na njugu tulizila siku tatu.

Ni yeye pia aliyekifasiri kitabu cha dhamana kwa Kiswahili chepesi, akaweka sharti kuwa mteja hapewi ufunguo mpaka asomewe. Bashira wa mauzo alilalamika kwamba watu wanakuja kununua gari wanapewa darsa. Lakini kesi za wateja wasiojua haki zao zilikwisha mwaka uleule.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kila mmoja wetu bado anakula riziki yake kwa sababu yake. Mwanzoni mwa mwaka 2019 kiwanda kiligundua kwamba bomba la mafuta ya breki la aina moja ya gari linaliwa na chumvi ya bahari. Kikataka magari yote ya aina hiyo yarudishwe yabadilishwe bomba bure, ndani ya miezi tisa. Hapa Unguja yalikuwa mia na sitini na matatu. Wakala ambaye asingeyamaliza, mkataba wake usingeongezwa, na kwetu hiyo ilikuwa na maana ya watu arubaini na wawili kukaa nyumbani.

Tukaandika barua kwa wenye magari. Zaidi ya nusu zilirudi. Magari yetu yanauzwa kwa neno la mdomo, kaka kwa shemeji, shemeji kwa jirani, na kadi inabaki na jina la mtu aliyehamia Muskati. Hapo Bi Kidawa akagundua jambo ambalo halimo katika mwongozo wa kiwanda chochote: kisiwa hiki hakina gari linalokwepa harusi. Likiwa zima au bovu, ipo siku litaazimwa. Akawaagiza wafanyakazi wote wamletee kadi zote za mialiko. Kwa miezi minane akahudhuria harusi mbili, pengine tatu, kila wiki, Mangapwani, Nungwi, Jozani, akifunua maua kwenye vibao vya namba na kuuliza gari la nani. Kila lililotengenezwa lilibandikwa kibandiko kidogo cha kijani kwenye nguzo ya mlango. Fundi alitia alama katika daftari, na gari likahesabiwa limekwisha.

Mwezi wa tisa gari la mwisho lilitiwa alama. Ripoti ikaenda, pongezi zikarudi, Bwana Wakil akapikisha pilau.

Siku kumi na mbili baadaye Bi Kidawa alikuwa Makunduchi, harusini, safari hii mgeni wa kawaida. Bibi harusi alikwisha kuketi garini. Bi Kidawa akafungua mlango ampe mkono wa kheri, na jicho, kwa mazoea tu, likaenda kwenye nguzo. Hapakuwa na kibandiko. Akasoma kibao cha namba: lilikuwa gari la mia na sitini na tatu, lile la mwisho katika daftari.

"Mwanangu, shuka," akamwambia bibi harusi. "Gari hili halikuchukui leo."

Mashangazi nusura wamle. Mmoja akamuuliza yeye ni nani hata ateremshe bibi harusi wa watu. "Mie ndo nilosema gari hili zima," akajibu, "na si zima. Nisameheni." Bibi harusi akaondoka katika gari la kubebea mwani, yeye mbele na mashoga zake nyuma juu ya mkeka, wakiimba njia nzima. Fundi akaitwa kutoka mjini. Alipolishika lile bomba la zamani, lilikatika mkononi mwake kama biskuti.

Ukweli ulikuwa huu. Mwenye gari, Mzee Usi, alimpigia fundi simu Jumamosi kuwa atalileta Jumatatu inshaallah. Ripoti ilikuwa inafungwa, Mzee Usi ni mtu wa neno lake, na fundi akatia alama kabisa. Jumatatu Mzee Usi akapata msiba, na baada ya hapo hakuna aliyekumbuka.

Bwana Wakil, na yeye mwenyewe ameniruhusu niliandike hili, alimsihi Bi Kidawa aache. Bomba limeshabadilishwa, hakuna aliyeumia, kwa nini tujichongee? Bi Kidawa alimsikiliza mpaka mwisho, akaomba udhuru, akaenda kuandika barua kwa kiwanda kuiondoa ripoti iliyokwisha kupongezwa. Ilikuwa na mistari mitatu: gari moja tuliliandika limekamilika kabla ya kuguswa, limekamilika leo, kosa ni la kampuni.

Kiwanda kikaleta wakaguzi wawili. Walikaa siku nane. Wakafungua mafaili yote mia na sitini na matatu, wakachagua magari arubaini bila kutuambia, wakalala chini yake moja baada ya moja. Ofisini hakuna aliyekula akashiba. Walipouliza jina la fundi, Bi Kidawa aliwaambia kwamba utaratibu ulioruhusu alama itiwe kabla ya kazi aliuandika yeye, kwa hiyo waandike jina lake. Akawapa na utaratibu mpya: sahihi mbili, ya fundi na ya mwenye gari, gari likiwa mbele yao.

Magari yote arubaini yalikutwa safi. Barua iliyokuja ilisema kwamba katika mawakala wote wa ukanda huu, ni mmoja tu aliyewahi kuirudisha ripoti yake nzuri kwa hiari, na kwamba ripoti za wakala wa namna hiyo zinaaminika. Mkataba ukaongezwa kwa miaka kumi. Daftari la Bi Kidawa la sahihi mbili linatumiwa sasa na mawakala wa nchi tano. Na bibi harusi wa Makunduchi mwaka juzi alinunua gari kwetu, akasomewa kitabu chote cha dhamana bila kusinzia.

Kwa miaka sita watu wa hapa wamekuwa wakibahatisha fundi yule ni nani, na wengine wamemshuku mtu asiyehusika. Bi Kidawa hakumtaja kwa mtu, wala hakumkumbusha mwenyewe hata kwa jicho. Aliyetia alama ile ni mimi, Anuar Tahir, ambaye leo mnaniita fundi mkuu. Wakati ule nilikuwa na mke mjamzito na watoto watatu, na nilikwisha kukusanya spana zangu nikisubiri barua ya kufukuzwa. Badala yake Bi Kidawa alinikabidhi daftari jipya, akaniambia niwe wa kwanza kutia sahihi.

Bi Kidawa, kampuni nzima inakushukuru, na inakuombea kwa Mwenyezi Mungu afya, furaha na umri mrefu nyumbani kwako Bububu, kati ya watoto na wajukuu. Mimi na familia yangu tuna shukurani yetu nyingine, ambayo nimechelewa miaka sita kuitoa mbele za watu. Ahsante kwa kazi yangu.