Kompyuta Mpya, Kivinjari cha Zamani

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Wakfu wa Hatua Pevu, pamoja na wageni wote mlioketi kwenye kivuli cha hema: sisi wanafunzi wa Kituo cha Kompyuta cha Mwihoko tunawakaribisha. Mwenyekiti, ulipokuja mara ya mwisho ulikata utepe. Leo tumeambiwa utakata mwingine, mlango ni ule ule.

HISTORIA

Kompyuta zetu za zamani zilikuwa za biti 32, yaani za kizazi kile kisichobeba kazi nyingi kwa pamoja. Kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia mtandao, kilikuwa kikizimika kila tukifungua kurasa nyingi. Ukasikia kilio chetu, ukatuletea kompyuta zenye prosesa mpya, yaani ubongo wa kompyuta, za biti 64. Ulisema, "Sasa mtapaa." Tulipiga makofi hadi viganja vikawasha.

MAFANIKIO

Kompyuta zinang'aa. Fundi wa wakfu, Bwana Sifuna, aliziwekea kivinjari kilekile cha zamani cha biti 32, kisichoweza kutumia nguvu za prosesa mpya, akafunga uwekaji wa programu kwa nywila, akaenda nayo. Hivyo tumefanikiwa kumiliki nguvu nyingi tusizozitumia.

CHANGAMOTO

Mwenzetu Nekoye, anayepika chapati karibu na steji ya matatu, aliitwa kwenye usaili wa kazi ya kuhudumia wateja mtandaoni. Akaja hapa kituoni amevaa blauzi ya kanisani. Alipofungua video pamoja na ukurasa wa maswali, kivinjari kikazimika. Akarudia, kikazimika tena. Mwalimu wetu, Dianah, akampigia Bwana Sifuna simu.

"Tupatie nywila tuweke kivinjari cha biti 64."

"Siwezi bila idhini ya mwenyekiti."

"Na mwenyekiti yuko wapi?"

"Ameenda kongamano la teknolojia."

Nekoye alienda kulia chooni, asije akazilowesha kompyuta mpya.

Kwa bahati, waajiri walimpa nafasi ya pili. Safari hii alienda Makongeni, kule Thika, kwenye saiba ya Kiama, duka la kulipia mtandao. Kompyuta ya Kiama imechubuka kila upande, lakini prosesa ni ya biti 64 na kivinjari pia ni cha biti 64. Video ilienda, maswali yakafunguka, hakuna kilichozimika. Kwa hiyo tunathibitisha kwamba ulisema kweli, mgeni rasmi: prosesa mpya humpaisha mtu. Ila kivinjari nacho sharti kihamie biti 64.

MAOMBI

Hatuombi kompyuta nyingine. Tunaomba nywila. Bwana Sifuna ameketi nyuma yako. Ukimwashiria kwa kichwa tu, Mwalimu Dianah ataanza kazi kabla keki haijakatwa.

Nekoye anaomba radhi kwa kukosa kuja kukushukuru. Ile kazi aliipata, na saa hii yuko kwenye kompyuta ya Kiama akihudumia wateja mtandaoni.

Mungu akulinde, akuzidishie afya, na akuepushe kabisa na usaili wowote kwenye kompyuta ulizotupatia.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Kituo cha Kompyuta, Mwihoko.
Imesomwa kwa niaba yao na Farhiya, katibu.