Kicheko Kwenye Kopo la Biskuti

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja na mvua hii, asanteni, naomba masikio yenu kwa ajili ya baba yetu, Wilfred Ormerod, aliyezaliwa Oldham tarehe 14 Machi 1938, mtoto pekee wa mama mfanyakazi wa kiwanda cha pamba na baba ambaye hakutabasamu katika picha hata moja.

Marehemu alisoma hapo hapo Oldham, akaacha shule mwaka 1953, akajifunza kutengeneza redio dukani kwa mjomba wake, na mwaka 1961 akaajiriwa na kituo kimoja cha televisheni mjini Manchester akiwa fundi wa sauti, kazi aliyoipenda kupita kiasi, maana hata ukipiga chafya mezani alikusahihisha.

Tarehe 8 Juni 1963 alifunga ndoa na Beryl Stott katika kanisa la Wamethodisti, Royton, wakajaliwa watoto wawili, Lorraine, ndiye mimi ninayewasomea, na mdogo wangu Graham.

Mwaka 1972 kilianza kichekesho cha Chai Imepoa, ambacho wengi wenu mmekua nacho, na mama alikwenda studio kila Ijumaa, safu ya tatu, kucheka pamoja na watazamaji wengine, ila kicheko chake kilichelewa, wote wakishanyamaza ndipo yeye anaangua, peke yake, kwa nguvu zote. Mwongozaji, Bwana Fairclough, akasema, "Wilf, huyo mama anatuharibia, mtoe," na marehemu hakuthubutu kusema huyo ni mke wangu, akashika wembe, akamkata kicheko chake kwenye tepu ya sauti, wiki baada ya wiki. Nyumbani mama alikaa mbele ya televisheni akijitafuta, akauliza, "Wilf, mbona mimi sisikiki?" naye akajibu, "Kipaza sauti hakifiki pale ulipo, mpenzi." Mama akasema, "Basi Ijumaa nitacheka zaidi," na kweli, masikini, akacheka zaidi.

Mwaka 1975 mke wa fundi mwenzake baba alimweleza mama ukweli, naye hakugomba, hakuuliza, aliacha tu kwenda studio, na tangu siku hiyo akicheka alijiziba mdomo kwa kiganja, tazameni picha zetu zote, kiganja kipo, mpaka tulipomzika tarehe 2 Novemba 1991. Baba alijua kwamba mama anajua, wakakaa hivyo miaka kumi na sita, na nyumba ile, jamani, ilikuwa kimya hata redio ikiwa imewashwa.

Mwaka 2016 kituo kiliamua kukifufua Chai Imepoa, waigizaji wawili tu wakiwa hai, wakarekodi bila watazamaji, kisha wakamwomba marehemu, mzee wa miaka sabini na minane, awatengenezee vile vicheko vya zamani vya kuchomeka kwenye kipindi. Ndipo akapanda darini, akashuka na kopo la biskuti, na ndani yake vipande vya tepu, kila kimoja na tarehe yake, hakuwa ametupa hata kimoja. Aliviunga siku kumi na moja kwenye meza ya kulia chakula, hataki chai wala kuulizwa, na Jumapili tarehe 11 Desemba tukakaa kutazama kipindi kwenye televisheni, watu wakacheka, wakanyamaza, kisha akacheka mmoja. Graham aliruka, "Mama!" na baba akasema, "Mimi ndiye niliyemkata, nikamdanganya, nilitaka asikike kabla sijafa." Nilikasirika, siwafichi, sikusema naye mpaka Pasaka.

Wala hakupata nafuu moyoni, kwani tangu hapo kila mtu akicheka baba alitega sikio, akingoja, uso ukimshuka.

Marehemu alianza kuugua mapafu mwezi Oktoba 2023, akalazwa, na tarehe 18 Januari 2024 muuguzi alitutania tukacheka sote, baba akainua kidole tunyamaze, tukanyamaza, akasikiliza kwa muda, akasema, "Haya. Beryl hajajiziba." Alifariki kesho yake alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani, hasa Bi. Cartwright kwa mikate ya nyama, na mafundi wenzake waliobeba jeneza.

Tukitoka hapa kuna chai ukumbini, na mtacheka, maana hadithi zake ni nyingi, ila nawaomba, mkishacheka msianze kuongea upesi, subirini kidogo. Pumzika kwa amani, baba, na wewe mama, cheka.