Kibao cha Mitsuyo Kirudi Kazini

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Tsukamori, Mkuu wa Utamaduni wa mji wetu wa Kyoto,

MAKARIBISHO
Sisi Chama cha Wachongaji na Wachapaji wa Picha za Mbao, Mtaa wa Tsubaki, tunakukaribisha. Sogea karibu na chai. Usitafute wenzangu nyuma yangu. Wengine wamekufa, wengine wamehamia kwa watoto wao. Tunasema "sisi" kwa kuwa chama hakijafutwa.

HISTORIA
Kazi yetu inataka watu wawili. Mmoja anachonga picha kwenye kibao cha mti wa mcheri, mwingine anapaka wino, analaza karatasi yenye unyevu na kusugua. Mchongaji wetu wa mwisho alikuwa Mitsuyo, mke wangu mimi msomaji wa risala hii. Nywele za wanawake pichani alizichonga unywele mmoja mmoja. Tukichapa, alikuwa anapiga kelele toka chumba cha pili: "Wee mzee, unachapa au unamkanda mtu mgongo?" Nasi: "Chonga zako huko!" Siku hizi tunasugua, hakuna wa kututukana.

MAFANIKIO
Ofisi yako ilitupa cheti cha ubingwa. Ahsante. Kipo juu ya jiko, kinakula moshi. Wanafunzi mlioahidi hatujawaona.

CHANGAMOTO
Mitsuyo alipofariki, ofisi yako ilichukua kibao chake cha mwisho, eti hazina ya mji. Kimefungiwa ndani ya kioo, hakijachapwa hata karatasi moja. Tulikwenda kukiona, tukagusa kioo. Mlinzi akasema, "Babu, mkono!"
"Ni cha mke wangu."
"Sawa babu, lakini mkono."

Maofisa wako wanasema tukikichapa, zile nywele zitalika. Ni kweli, zitalika. Alizichonga zilike. Nyie wenye mihuri mnajua kutunza mbao; mchongaji alipokuwa anakohoa humu ndani, hakuna aliyekuja hata kupiga hodi.

MAOMBI
Ombi ni moja: turudishieni kibao tukichape. Picha zote chukueni, mtuachie ile ya kwanza tu. Jana jioni tulilowesha karatasi, kama tunavyofanya siku zote kazi ikiwa kesho. Zimefunikwa kitambaa, hapo nyuma ya kiti chako. Zikikaa bure zinaota ukungu. Kwa hiyo, Mheshimiwa, hatuwezi kusubiri barua.

Tunakuombea njia nyepesi ya kurudi ofisini, na nyepesi zaidi ya kuja tena hapa, mikono ikiwa na mzigo.

Ni sisi,
Chama cha Wachongaji na Wachapaji, Mtaa wa Tsubaki
Mwenyekiti, katibu na msomaji: Genzo Akashiba