Kigoda cha Bibi Mbele ya Gurudumu

Bwana asifiwe sana! Ndugu zangu, mniruhusu nisome kutoka kwenye daftari langu, maana nikiinua macho nikawaona mlivyo wengi nitakimbia.

Mimi ni yule binti wa kidato cha tatu anayeimba mstari wa nyuma. Tangu utoto nimekuwa na kifungo cha aibu. Darasani najua jibu, nanyamaza. Nyumbani chumvi imezidi, nanyamaza, nakula.

Kaka yangu Masanja mnamjua, na pikapu yake mnaijua. Jamani, anaipenda! Aliinunua imechoka, akaipeleka kwa fundi kule Chemchem. Ikanyanyuliwa kwa springi ndefu, ikapewa rimu nyeusi, matairi mapana, bampa la chuma, na taa nne juu ya paa. Siku ya kuichukua tulikwenda wote wawili. Fundi akamwambia, "Rimu ni mpya. Ukishatembea kidogo, rudi tukaze nati." Kaka akajibu ndiyo, ndiyo, huku anafuta taa kwa mkono wa shati.

Mimi nilipanda nyuma. Tukiwa njiani kurudi Ipuli nikasikia chini yangu: ka, ka, ka. Nikajisemea, mimi najua nini kuhusu magari? Na furaha ile ya kaka, niivunje mimi? Nikanyamaza. Usiku nikaandika kwenye daftari hili: "Gurudumu la nyuma kushoto linalia." Daftari likajua, kaka hakujua.

Asubuhi tulikuwa tunakwenda Bukene kwenye sikukuu ya mavuno. Mama na Bibi mbele, mimi na akina mama wanne wa kwaya nyuma. Gari lilikuwa juu kiasi kwamba Bibi alipandia kigoda chake cha jikoni, anasukumwa na mama, anacheka, "Masanja, unanipeleka Bukene au mbinguni?"

Ndipo akaja jirani yetu, Mzee Pazi. Yeye ni Mzaramo, mtani wetu sisi Wanyamwezi, na mtani hakatazwi. Akachukua kile kigoda, akakiweka mbele ya gurudumu la nyuma kushoto, akakaa!

"Babu zenu walibeba mizigo kichwani mpaka kwetu pwani," akasema. "Wewe Masanja umeona kichwa ni kifupi, ukainua na gari! Haliondoki hapa mpaka nipewe kuku."

"Mzee Pazi, tunachelewa ibada!" kaka akalalamika.

"Mtachelewa vizuri. Kuku!"

Wote wakacheka. Akaniangalia juu. "Na wewe mjukuu, mbona kimya? Gari limekula ulimi?"

Ndugu zangu, niliinuka pale nyuma. Niliona Bibi kwa mbele, kitambaa chake cheupe kichwani. Nikasema, "Babu, hilo gurudumu ulilokaa mbele yake linalia. Tangu jana."

"Linalia nini, limefungwa jana!" kaka akasema.

Mzee Pazi hakucheka tena. Akanyoosha mkono, akashika nati. Ikazunguka kwa vidole! Ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile!

Akina mama wakaanza kushuka mmoja mmoja. Kaka akavua kofia, akakaa chini kwenye vumbi na suruali yake ya ibada. Mbele yetu kulikuwa na safari nzima ya Bukene, na watu wanane ndani ya gari lile. Bwana ni mwema!

Kaka alipiga jeki, akakaza nati zote, halafu akalipeleka gari polepole kwa fundi likakaguliwa. Bukene tulifika ibada imekwisha, tukakuta chakula. Mwimbaji gani amewahi kula kwa furaha vile!

Leo pikapu ina kipandio cha chuma chini ya mlango, cha mguu wa Bibi. Na kaka hawashi gari kabla hajaniuliza, "Mdogo wangu, jana ulisikia nini?" Namwambia. Hata kama ni mlango tu unagongagonga, namwambia.

Namshukuru Mungu aliyenifungua kinywa kwa mzaha wa mtani. Na wewe uliyekaa hapo na neno kifuani, unaogopa kuharibu furaha ya mtu, mtegemee Yeye, useme. Atakuwekea hata kigoda njiani.

Mzee Pazi yuko nje getini, amekuja kunisikiliza. Anasema yule kuku tuliyempa alikuwa mdogo. Amina, ndugu zangu, naomba nikakae.