Kapteni Lempi Bodnar, Aliyewarudisha Wote Bandarini

Marehemu Kapteni Lempi Orvokki Saarela Bodnar alizaliwa tarehe 3 Machi 1941 hapa hapa Fairport Harbor, Ohio, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Vihtori na Mama Hilja Saarela. Baba yake alipakua mawe ya chuma kutoka melini. Mama yake alioka mikate ya iliki, na harufu yake ilijaza mtaa mzima kila Jumamosi, siku ambayo nyumba nzima iliingia sauna, chumba cha mvuke wa moto cha Wafini. Mama Hilja alizoea kusema kwamba Lempi ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoka, na kwamba hakubaki humo kwa kupenda joto bali kwa ubishi tu.

Alisoma shule ya msingi na ya sekondari za mji huu, akahitimu Juni 1959. Ila mwaka ambao familia haikuusahau ni 1957. Mwezi wa Mei mwaka huo, kaka yake Onni, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, alitoka na rafiki yake kwa boti ndogo kwenda kuvua. Ziwa Erie halina kina kirefu, na upepo ukigeuka mawimbi yake huinuka ghafla, mafupi na yaliyosongamana. Boti ilipatikana siku ya pili bila wao, na majaketi ya kujiokolea yalikuwa bado yamefungwa chini ya kiti. Lempi alikuwa na miaka kumi na sita. Baba yake alitaka kuuza boti ya familia, naye akamwambia, "Baba, usiiuze. Nifundishe vizuri." Mzee Vihtori hakuiuza, akamfundisha.

Baada ya shule alifanya kazi kwenye kiwanda cha magadi karibu na Painesville kwa miaka mingi, na siku za mapumziko alikuwa ziwani. Kiwanda kilipofungwa aliendelea na vibarua vya hapa na pale, hadi majira ya kuchipua ya 1979 alipopata leseni ya unahodha, mwanamke wa kwanza katika gati letu. Akanunua boti aliyoiita Hilja, akaanza kuchukua wageni wanaokuja kuvua walleye, yule samaki wa dhahabu mwenye macho meupe kama kioo, ambaye kwetu hakuna karamu bila yeye.

Wakati ule manahodha wengi walivua karibu na nchi kavu, na joto la Agosti lilipoingia walisema samaki wamekwisha. Lempi alisema hawajakwisha, wamehama. Aliamini kwamba wanafuata dagaa wa ziwa hadi mbali, wakaning'inia katikati ya maji, pale ambapo maji ya moto ya juu yanakutana na baridi ya chini. Kwa hiyo alikwenda mbali, mpaka mnara wa taa ukazama nyuma yake. Alipima joto la maji, akatafuta mawingu ya dagaa kwenye kipima kina, kisha akashusha chambo juu kidogo ya samaki, kwa sababu walleye hutazama juu.

Wenzake walimcheka redioni. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Kalman Bodnar, Mhangari mwenye sauti kama honi ya meli.

"Lempi! Unavuka ziwa hadi Kanada bila pasipoti?"

"Nakwenda kwa samaki, Kalman. Wewe endelea kuosha vyambo vyako hapo."

Mwaka wa tatu wa kurudi na masanduku yaliyojaa, boti zikaanza kumfuata. Ya Kalman ilitangulia zote.

Lempi alikuwa na sheria moja ambayo hakuna mgeni aliyeivuka: jaketi huvaliwa bandarini, haliwekwi chini ya kiti. Asiyetaka kulivaa alibaki gatini.

Tarehe 14 Agosti 1986 ziwa liliamka limetulia kama mafuta kwenye sahani. Boti ya Lempi na ya Kalman zilikuwa mbali sana, kila moja na wageni wake, na samaki walikuwa wakila kama wamefunga mwezi mzima. Karibu na saa sita mchana Lempi alihisi pumzi ya baridi shingoni. Upande wa magharibi mbingu ilikuwa na rangi ya jeraha lililovilia damu. Akaamuru mishipi ipandishwe.

Mgeni wake mmoja, daktari wa meno kutoka Cleveland, alikuja juu. "Wee mama, samaki ndio kwanza wamekolea, unatutoa?"

"Samaki watakuwepo kesho. Nataka na wewe uwepo."

Akamwita Kalman redioni. "Kunja mishipi, twende."

"Nenda wewe kapike kahawa. Mimi nimewakalia samaki wa mwaka!"

"Basi wavalishe wageni wako majaketi. Sasa hivi, Kalman. Ukishawavalisha, nitukane upendavyo."

Kalman alitukana, lakini akawavalisha.

Lempi alikuwa nusu ya njia kurudi, mvua imeshaanza kupiga kioo, redio ilipoita tena. Sauti ya honi haikuwepo. "Lempi, injini imezima. Maji yanaingia kwa nyuma, kwenye tezi."

Akamwomba asome namba za mahali alipo, akazirudia mara mbili, akawapa walinzi wa pwani. Wakamwambia boti yao itachelewa karibu saa nzima. Lempi akawageukia wageni wake.

"Kuna watu wanne kule. Nyuma yetu bandari ipo, na ninyi ndio mlio mikononi mwangu. Mmoja wenu akisema hapana, nawapeleka nyumbani, na sitamlaumu."

Walitazamana. Daktari wa meno, aliyekuwa ameshatapika kifungua kinywa chote, akasema, "Geuza, Kapteni."

Akaenda polepole, omo, pua ya boti, ikiyapanda mawimbi moja baada ya jingine, wageni wamekaa sakafuni wameshikana. Alipofika, boti ya Kalman ilikuwa imebaki pua tu. Watu wanne walikuwa majini, wamefungana kiunoni kwa kamba moja. Hakuwaendea moja kwa moja. Alizunguka hadi upande wao wa pili, kule upepo ulikoelekea, mpaka ukamjia usoni, ili boti isisukumwe juu yao. Akawarushia kamba, na walipokaribia akazima injini ili panga zake zisiwaguse. Daktari wa meno ndiye aliyewavuta, akilia na kucheka. Kalman alikubali kuvutwa wa mwisho.

Alilala sakafuni akikohoa maji, kisha akafumbua jicho moja. "Lempi, ile kahawa bado ipo?"

"Ipo. Lakini wageni kwanza."

Jioni ile watu wanane pamoja na kapteni wao walishuka kwenye gati letu kwa miguu yao. Mji mzima ulikuwa pale. Mimi ninayewasomea, Ilona, binti pekee wa Kalman, nilikuwa mbele kabisa. Mama yangu mzazi alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, na nilikuwa nimekwisha kujiona yatima.

Tarehe 20 Juni 1987 Lempi na Kalman walifunga ndoa katika kanisa la Kilutheri. Kulikuwa na mikate ya iliki na mchuzi wa pilipili nyekundu wa Kihangari, na walleye wa kukaanga wasiohesabika. Baba aliwaambia wageni, "Alinivua mwenyewe. Niliona afadhali nisirudishwe majini." Hawakujaliwa mtoto pamoja. Neno "wa kambo" halikuwahi kutamkwa nyumbani mwetu. Nilikuwa "mwanangu" tangu siku ya kwanza. Baba alimtangulia mwaka 2015, usingizini.

Mwaka 2017 Mama alianza kusumbuliwa na ugonjwa wa kutetemeka. Mikono ilikuwa ya kwanza kumtoroka, kisha miguu. Agosti ya mwaka jana aliniomba nimpeleke mbali ziwani kwa boti yake. Nilingoja siku ambayo utabiri ulikuwa mzuri, nikamfunga jaketi, nikamkalisha kitini. Tulizunguka asubuhi nzima bila kitu.

"Punguza mwendo. Pinda kushoto," akasema.

"Mama, kifaa hakionyeshi samaki."

"Kifaa hakijawahi kuwa na njaa. Pinda."

Nikapinda. Mishipi ya upande wa ndani ikalegea, vyambo vikazama kidogo, na papo hapo fimbo ikainama. Kisha akataka fimbo ya mkononi, akashusha chambo mwenyewe, na mkono wake ukitetemeka akaniambia, "Umeona? Sasa hata kuchezesha chambo sina haja. Kinacheza chenyewe." Akavua walleye mkubwa kuliko wote tuliowahi kupima kwenye boti ile, akakataa asaidiwe.

Alifariki nyumbani kwake Jumapili tarehe 9 Juni 2024, asubuhi, dirisha la upande wa ziwa likiwa wazi, akiwa na miaka themanini na mitatu. Katika miaka thelathini na sita ya unahodha hakupoteza mtu hata mmoja.

Ameacha binti, mimi Ilona. Mkwe wake, Dale. Wajukuu wawili, Hilja na Andras, wote manahodha wenye leseni. Kitukuu mmoja aliyezaliwa Aprili. Na gati zima la watu waliomwita Mama.

Kapteni, nanga imeshika. Mungu akulaze mahali pa amani.