Barua za Jumapili Zilizomo Koponi

Kaeni, wanangu. Philippa, achana na hiyo chai, imeshapoa. Na wewe Crispin, sogea hapa, usisimame mlangoni kama mgeni; leo nasema na wewe hasa, dada yako awe shahidi.

Nyumba hii mgawane nusu kwa nusu, na msije mkagombania saa ya babu yenu, haijawahi kwenda sawa hata siku moja. Bustani apewe Philippa, maana wewe hata waridi linakufia mkononi. Hayo mepesi. Zito liko chini ya kitanda hiki, ndani ya kopo la biskuti: barua zako, zile mlizokuwa mkiandikishwa shuleni kila Jumapili baada ya ibada, mwalimu akizisoma kwanza ndipo azifunge.

Ulikuwa na miaka saba nilipokupeleka bweni. Nilijiambia ndivyo wanavyofanya watu wetu, baba yako alipelekwa, babu yako alipelekwa. Uongo mtupu! Nilitaka nyumba iwe kimya niandike. Nikaupata huo ukimya, nikakosa la kuandika, ila barua zako. Nikamchukua mwanangu nikamtia katika kitabu cha watoto, nikamvika manyoya, nikamwita Fuko, mnyama mdogo mchimba mashimo, anayelia bwenini na kuficha shuka lake lililolowa. Uingereza nzima ikacheka. Watoto wa watu wakaniandikia, kila mmoja nikamjibu kwa mkono wangu. Zako wewe nikazinakili.

Kisha kitabu kikafika bwenini kwenu. Krismasi ile ukaja ukaniambia, "Mama, wananiita Fuko. Kila asubuhi wananiuliza, 'Vipi Fuko, leo umelowanisha?'" Nami nikakujibu, "Acha utoto, Crispin, wanakutania tu." Nikaandika vitabu sita vingine.

Naona aibu, mwanangu. Philippa, nipe maji... basi, yametosha.

Vitabu vyote nakuachia wewe peke yako. Wachapishaji wanataka kuvitoa upya. Ukitaka vitoke, ukitaka vife, na dada yako asikuulize neno. Siku ya kunizika, kanisani msinisomee Fuko. Kopo lichukue, ni lako. Barua ya juu kabisa sikuitia kitabuni, haikuchekesha, na sijui mwalimu aliipitishaje: "Mama mpenzi, huku mvua inanyesha. Naomba nije nyumbani."

Mungu awatunze nyote wawili, msitupane... Sauti inaniisha. Crispin, lete mkono. Ile barua sikuijibu. Najibu sasa. Njoo nyumbani, mwanangu. Njoo...